Jina Lililomtangulia Igoki

Kule Gachoka, upande wa Mbeere, mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama. Igoki alikulia huko, kwenye boma la mama yake lenye mbuzi, shamba la ndengu na mistari michache ya muguka, yale majani ya kutafuna. Mpira wa magongo aliujulia shule ya upili, kwenye uwanja wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, ambao ukianguka unakuchuna ngozi ya magoti. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, na hasira yake haikukaa mbali. Mwalimu wa michezo alimweka nyuma awe beki, kwa sababu mshambuliaji aliyekabiliwa na Igoki mara moja hakuwa na hamu ya kumjaribu tena.

Alipomaliza shule, timu moja ya Embu mjini ikamchukua. Alicheza vizuri, akaanza kutajwatajwa, hadi ikaja ile nusu fainali.

Wanaofuata magongo Embu na Meru wote wanajua kilichotokea siku hiyo, kwa kuwa kuna mtu alikuwa amesimama kando ya uwanja na simu. Gatwiri, msichana mwembamba wa kutoka Ruiri, alikuwa amemchezea Igoki atakavyo tangu mwanzo. Alimpita kulia, akampita kushoto, na mara ya mwisho alipompita akacheka. Video inaonyesha mpira ukiwa umeshakwenda zake. Inaonyesha Igoki akigeuka. Inaonyesha gongo likipanda juu ya bega, mahali ambapo gongo halina ruhusa ya kufika, kisha likishuka. Halafu yule mwenye simu anasikika akisema, "Woi!" na picha inaanza kutetemeka.

Gatwiri alipoteza jicho la kushoto.

Kamati ya nidhamu ya ligi ilipomwita Igoki, viongozi wa timu yake walimpa maneno ya kusema: mguu uliteleza, jua lilimpiga machoni, hakuona. Igoki alisimama mbele ya wale wazee akasema, "Nilikasirika. Nilitaka kumpiga begani." Akaketi. Kamati ikamfungia misimu miwili. Timu ikamfukuza kwa kuiaibisha. Watu nao wakampa jina: Panga.

Igoki Panga. Alilisikia sokoni Gachoka akinunua chumvi. Alilisikia kanisani, nyuma yake, wakati wa nyimbo.

Kabla adhabu haijaisha alikwenda Ruiri. Alimkuta Gatwiri nje ya nyumba yao akipukuchua maharagwe, na ilibidi Gatwiri ageuze kichwa chote ndipo amwone aliyefika. Mama yake alitoka mlangoni, akamtambua mgeni, akarudi ndani.

"Umekuja kuomba msamaha," Gatwiri alisema.

"Ndiyo."

"Ndio upate usingizi?"

Igoki alisimama na mikono yake ile mirefu, asijue pa kuiweka.

"Mimi sikuchukii, Igoki. Nilijaribu nikachoka. Lakini nikisikia sauti yako nasikia na ile nyingine, ya mfupa. Kwa hivyo usirudi hapa. Tafadhali."

Akarudi Gachoka. Alichuma muguka na mama yake, akachunga mbuzi, na gongo likakaa juu ya dari likila vumbi. Alidhani mambo ya magongo yamekwisha. Ndipo Mbaka alipopiga simu.

Mbaka alikuwa kocha wa Thingithu, timu ya wanawake ya Nkubu. Aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu, na wachezaji bado walimwita mwalimu. Alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Hakuwahi kupaza sauti. Aliongea chini hadi ikabidi umwinamie ndio umsikie, na ukishamwinamia ulijikuta unaitikia kwa kichwa.

"Watu wanasema mengi juu yako, mami," alimwambia Igoki siku ya kwanza alipofika Nkubu.

"Yale wanasema ni kweli, mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia." Akamshika bega. "Kila mtu anastahili kujaribu tena. Hapa kwetu hutaulizwa."

Igoki alilia siku hiyo. Alikodi chumba nyuma ya duka la mbegu. Asubuhi aliamkia ubaridi ambao Mbeere hakuna, ukungu ukiwa umelala juu ya migomba na majani chai, akakimbia barabarani hadi pumzi ikakatika. Alijiwekea sharti moja: gongo lake halitapanda tena juu ya kiuno, hata nyumba ikishika moto. Alilifanyia mazoezi sharti hilo jinsi wengine wanavyofanyia mazoezi mashuti.

Rafiki aliyempata haraka ni Leylo, mlinda lango. Baba yake Leylo, Mzee Mahad, alikuwa na malori Meru mjini, na Leylo alivaa kofia ya chuma juu ya mtandio wake na kupiga kelele langoni kama kondakta. Mwingine aliyemkaribia ni Makandi, beki mwenzake, mzaliwa wa hapo hapo Nkubu. Makandi hakuwa msemaji. Yeye alitazama. Igoki akifunga kamba za viatu kwa namna fulani, kesho yake Makandi naye alizifunga hivyo. Igoki akisimama na uzito kwenye mguu wa nyuma, Makandi alisimama vivyo hivyo upande wa pili wa uwanja, kama kivuli.

Msimu ulipoanza, mambo yalikwenda vizuri hadi ikawa ajabu. Washambuliaji walimjia Igoki kwa kasi, wakamwona, wakauachia mpira. Wengine waliutoa nje wenyewe. Mmoja, mwanamke mzima mwenye mabega ya kubeba magunia, aliruka pembeni kabla Igoki hajanyoosha mkono. Mashabiki wa Nkubu walicheka, wakaanza kuimba, "Panga! Panga!" huku wakipiga makofi.

Na Igoki, tusifiche, alionja utamu wake. Baada ya miaka miwili ya kuinamisha kichwa, mtu kukuogopa huingia mwilini kama chai ya moto. Alirudi chumbani siku hizo akiwa na nguvu za kucheza mechi nyingine. Ila hakulala vizuri, na hakujua kwa nini.

"Hii si kawaida," Leylo alimwambia wakila chapati hotelini. "Wewe ni beki mzuri, sikatai. Lakini wale hawachezi na wewe. Wale wanachungulia kaburi."

"Labda wamesikia habari zangu."

"Wamesikia miaka miwili iliyopita. Mbona hofu yao ni mbichi hivi?"

Jibu lilikuja Chuka, ambako Thingithu walishinda bila jasho. Mechi ilipokwisha, nahodha wa wenyeji alimfuata Igoki hadi kwenye mfereji alikokuwa akinawa miguu. Hakumkaribia sana.

"Mwambie kocha wako tumeshaiona," alisema. "Hana haja ya kututumia kila mara."

"Kuona nini?"

Yule nahodha alimtazama kwa muda, akitafuta kama anachezewa. Halafu akanyoosha simu kwa mkono mrefu, kama mtu anayempa mbwa asiyemjua kipande cha nyama. Ilikuwa ile video. Juu yake palikuwa na namba ya Mbaka, na chini yake maneno mawili: *Kesho atakuwepo.*

Igoki alibaki pale mferejini maji yakimwagika juu ya miguu yake. Hakuwa ameitazama ile video tangu siku ya kamati. Sasa alimwona Gatwiri akicheka, akiwa bado na macho yote mawili, akitumwa kutoka simu hadi simu kila Ijumaa.

Alimkuta Mbaka akipanga magongo ndani ya mfuko.

"Mwalimu, ni wewe unatuma ile kitu?"

Mbaka hakushtuka. "Kuna uongo ndani yake?"

"Hapana."

"Basi nimemkosea nani?"

"Mimi nilikuja hapa kuyaacha hayo."

"Na umeyaacha. Nimekuona, mami. Tangu uje hujamgusa mtu, na sababu ni kwamba hujahitaji." Alifunga zipu ya mfuko polepole. "Mabeki wenye miguu myepesi kuliko yako wako wengi hapa Meru. Mimi sikufuata miguu Gachoka."

Igoki alimwomba asiitume tena. Mbaka akasema sawa, kwa upole ule ule. Jumamosi iliyofuata, mshambuliaji wa kwanza aliyemkabili aliuachia mpira na kuinua mikono usoni.

Angeweza kuondoka. Leylo alimwambia aondoke. Lakini kuondoka kwenda wapi? Kwenye muguka? Timu gani nyingine ingempokea? Na msimu ulikuwa umefika mahali ambapo Thingithu walibakisha hatua moja tu kupanda ligi ya taifa. Akajiambia atamaliza msimu, kisha ataona.

Mechi za mwisho zilikuwa mbili, nyumbani na ugenini, dhidi ya timu ya Embu. Ile ile iliyomfukuza. Na timu ile ilikuwa na mshambuliaji mpya, Wambura, Mmbeere kama yeye, msichana mfupi mwenye miguu ya mbuzi wa mlimani.

Wambura hakuachia mpira. Kule Embu, kwenye mechi ya kwanza, alimjia Igoki moja kwa moja, akampita. Akarudi, akampita tena, na akafunga bao. Alipokuwa akirudi katikati alimtazama Igoki usoni na kucheka.

Hapo Igoki akasikia kitu alichodhani kimekufa. Joto lilianzia viganjani, likapanda mikononi, likamfika shingoni. Gongo lilikuwa limeinuka hadi usawa wa paja kabla hajajua. Alilishusha. Alilikandamiza chini hadi likachimba nyasi, akabaki ameliegemea huku mchezo ukiendelea bila yeye, na Leylo akimwita kwa sauti kutoka langoni. Alipotazama pembeni, Mbaka alikuwa amemkazia macho. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, kocha alikuwa anatabasamu.

Walipoteza kwa bao hilo moja. Mechi ya marudiano ingechezwa Nkubu, na Thingithu walihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili.

Katikati ya wiki Mbaka alimwalika Igoki nyumbani kwake kwa chai. Mkewe aliwaandalia nduma na chai ya maziwa, akawaacha barazani. Mbaka aliongea juu ya bei ya kahawa, juu ya mvua, juu ya dari ya kanisa. Kisha akasema, katika sauti ile ile ya kahawa na mvua:

"Wambura asifike robo ya tatu ya mechi."

Igoki aliweka kikombe chini.

"Unataka nimpige."

"Mimi sijasema umpige mtu. Mke wangu yuko hapo jikoni, muulize kama amesikia neno kupiga." Alimenya kipande cha nduma. "Nimesema asifike robo ya tatu. Goti huteguka. Kifundo huteguka. Magongo ni mchezo wa kuumizana, kila mtu anajua."

"Mwalimu, yule msichana ni mtoto wa watu."

"Hata Gatwiri alikuwa mtoto wa watu. Tofauti ni kwamba yule ulimpa bure. Na juzi Embu nilikuona. Hicho kitu bado unacho, kinakuumiza ukikizuia. Mimi nakupa mahali pa kukiweka."

Igoki alisimama. Lililomwogofya ni kwamba mtu huyu alikuwa amemwona sawasawa.

"Sitaweza," alisema. "Nitafutie adhabu yoyote, lakini hilo sitafanya."

"Hakuna adhabu, mami. Utakaa benchi upumzike." Mbaka alimsindikiza hadi langoni kwa adabu zote. "Unajua, si wewe peke yako mwenye mikono."

Siku iliyofuata mazoezini, Makandi alipewa nafasi ya Igoki. Mbaka alimchukua pembeni, akamwekea mkono begani, na Makandi akamwinamia ili amsikie. Waliongea kwa muda mrefu. Baadaye Igoki alimwona Makandi peke yake upande wa mwisho wa uwanja, karibu na mikaratusi, akigeuka na kupiga hewa. Kugeuka, gongo juu, chini. Igoki aliutambua mzunguko ule wa mabega. Ulikuwa wake. Makandi alikuwa ameuchukua kutoka kwenye video, kipande kwa kipande, kama mtu anayejifunza dansi.

"Makandi," alimwita. "Amekuambia nini?"

"Mambo ya mchezo, dada."

"Usifanye. Nakuomba. Ukishafanya huwezi kurudi nyuma."

Makandi alimtazama kwa macho makavu. "Wewe ulifanya, na umerudi. Watu wanaimba jina lako. Mimi nimecheza hapa tangu shule, kuna mtu anajua jina langu?"

Jumamosi ilifika na mawingu mazito. Uwanja wa Nkubu ulikuwa umejaa. Watu walikaa hadi juu ya ukuta. Igoki alikuwa amemweleza Leylo kila kitu, na Leylo akaahidi kwamba mabeki wakicheza uchafu atatoka langoni mwenyewe. Lakini lango liko mbali na katikati. Igoki akaamua kufanya jambo pekee lililobaki. Wageni walipokuwa wakipasha misuli, alivuka uwanja mzima hadi upande wao. Hakuwa na gongo mkononi. Makelele yalipungua kadiri alivyotembea, na kufikia katikati ya uwanja watu walikuwa kimya wakimtazama.

"Wambura," alisema kwa Kimbeere, taratibu. "Leo usikae karibu na yule beki wa upande wa kushoto. Ukimpita, usigeuze mgongo. Wanataka kukuumiza."

Wambura aliacha kujinyoosha. Midomo yake ilikauka. "Umekuja kunitisha?"

"Hapana. Nakuonya."

"Panga amekuja kunionya!" Wambura aliwageukia wenzake, sauti ikapanda juu. "Mnasikia? Ati wataniumiza!"

Wakamzunguka. Kocha wa Embu, aliyekuwa kocha wake mwenyewe zamani, akaja akikimbia. "Toka hapa! Huoni haya? Refa! Huyu anatisha wachezaji wangu!"

Igoki alimgeukia refa, akamwambia kile kile: kuna mpango, mtazame Makandi, tazama gongo lake. Refa alikuwa mwanamke mwenye haraka, na alikuwa ameiona video kama kila mtu. "Rudi benchi," alisema, "kabla sijakutoa uwanjani kabisa. Na mwambie kocha wako nimesikia."

Mashabiki waliona vidole vikinyooshwa, wakaona Wambura amekunja uso, wakafurahi. "Panga! Panga!" Maneno yote aliyosema Igoki yaliingia masikioni mwa watu yakiwa yamegeuzwa. Alirudi benchi akapita mbele ya Mbaka, na Mbaka akamwambia chini chini, "Asante, mami. Umenisaidia sana."

Robo ya kwanza Wambura alicheza kwa woga, akitazama alipo Igoki, si alipo Makandi. Thingithu walifunga. Robo ya pili woga ukampungua. Alimwona Igoki ameketi tu, akapata miguu yake. Akaanza kupita. Alimpita Makandi mara moja, watu wakaguna. Akampita tena.

Igoki hakuwa anatazama mpira. Alitazama mabega ya Makandi. Mara ya tatu Wambura aliponyanyua mpira mbele na kumpita, Igoki aliona mguu wa nyuma wa Makandi ukichimba chini, akajua, kabla ya mtu mwingine yeyote katika uwanja ule, kinachokuja. Alishaanza kukimbia. Benchi lilikuwa karibu na mstari. Alikimbia mikono mitupu, akamkumba Wambura ubavuni kwa bega, wote wawili wakaenda chini, na gongo la Makandi likamkuta yeye kati ya shingo na bega.

Alisikia sauti ya mfupa. Gatwiri alikuwa ameieleza sawasawa.

Kwenye hospitali ya Nkubu walimfunga mfupa wa bega na kumwambia utapona lakini hautanyooka kama zamani. Alikuwa bado amelala pale wakati Leylo alipokuja, hana uso wa kuongea, akampa simu. Kulikuwa na video mpya. Aliyeipiga alikuwa upande wa pili wa uwanja. Ilionyesha Igoki akitoka benchi bila kuitwa, akikimbia, akimwangusha msichana mdogo mwenye mpira. Gongo la Makandi lilifichwa na miili ya watu. Maneno yalikuwa tayari: Panga arudia tena.

"Mimi niliona," Leylo alisema. "Nitasema kwa kamati. Na zile video alizokuwa anatuma, nitawaambia."

"Sema. Lakini usitegemee."

Siku ya pili alikuja Wambura. Alisimama mlangoni na mfuko wa machungwa, akakaa pembeni ya kitanda cha jirani.

"Nilisikia upepo wa lile gongo," alisema. "Lilikuwa la kichwa changu."

"Pole."

"Wewe ndiye unanipa pole?" Wambura alitikisa kichwa. "Ulinionya nikaita watu."

"Ningekuwa wewe ningeita watu." Igoki akauliza kilichokuwa kikimsumbua tangu Embu. "Mbona wewe hukuniogopa kama wenzako? Ulinipita ukacheka."

"Kukuogopa?" Wambura alimtazama kwa mshangao. "Kabla ya mechi nilitapika, dada. Nilicheka ili usijue. Mimi nikiogopa nacheka, hata kwa mazishi nimewahi kucheka."

Igoki alimkumbuka Gatwiri akicheka, akageuza uso ukutani. Wambura alidhani ni maumivu ya bega, akamwita muuguzi.

Kamati ilikaa. Wambura alieleza, Leylo akaeleza. Makandi alisema alikuwa anaupiga mpira. Mbaka aliongea mwisho, chini chini, na wale wazee wakamwinamia. Alisema alijaribu kumsaidia msichana mwenye historia ngumu, na kwamba hajuti, kwa sababu kila mtu anastahili kujaribu tena. Kuhusu video, alisema ni habari ya umma. Igoki akafungiwa msimu mwingine kwa kuingia uwanjani bila ruhusa. Makandi akapewa onyo. Thingithu, waliokuwa wameshinda baada ya Wambura kutolewa akiwa na kizunguzungu, wakapanda ligi ya taifa.

Igoki akarudi Gachoka, bega moja limeshuka kuliko jingine. Mama yake alimwekea kiti chenye mgongo karibu na mlango, na ndengu za kuchambua kwa mkono mmoja.

Miezi ikapita. Mchana mmoja wa jua kali, Makandi akatokea njiani, amebeba begi dogo, vumbi limemfika magotini. Mama aliwaachia kivuli cha nyumba. Makandi alinywa maji vikombe viwili kabla ya kusema.

"Nilikuja kusema pole. Sikujua utaingia."

"Ulijua unampiga nani, lakini."

"Ndiyo." Aliinamisha kichwa. "Mwalimu ameanza kutuma video yangu sasa. Alipata mtu aliyepiga upande wetu, inaonyesha gongo vizuri. Kamati hakuwaonyesha. Anawaonyesha wale tutacheza nao."

"Na wewe unasikiaje?"

Mbuzi walikuwa wakikwaruza ukuta. Makandi alisema bila kumtazama Igoki.

"Wananiona wanaachia mpira. Wanawake wakubwa wa Nairobi. Dada, ni tamu. Naogopa vile ni tamu."

"Najua," Igoki alisema.

Alimwambia yote aliyojua: juu ya joto linaloanzia viganjani, juu ya kukandamiza gongo chini hadi lichimbe nyasi, juu ya Ruiri na Gatwiri anayegeuza kichwa chote ili akuone. Alimwambia aiache timu. Makandi alisikiliza, akalia kidogo, akala githeri na mama. Asubuhi akaondoka, na Jumamosi iliyofuata akawa amesimama uwanjani na jezi ya Thingithu.

Igoki aliisikia mechi hiyo kupitia simu ya Leylo. Mechi ya pili alikwenda mwenyewe. Haruhusiwi kucheza, haruhusiwi benchi, lakini hakuna sheria inayomkataza mtu kununua tiketi. Alisimama kwenye uzio, upande wa kushoto, mahali ambapo Makandi akigeuka lazima amwone, na bega lake lile lililoshuka. Hakupiga kelele wala makofi. Watu walimtambua, wakasogea wakamwachia nafasi. Walinong'onezana kwamba Panga amekuja kumtazama mwanafunzi wake, na akawaacha waseme.

Anakwenda kila mechi. Mama yake humwamsha mapema, humfungia viazi vitamu kwenye karatasi. Mbaka humsalimu kwa heshima kila anapomwona, "Habari ya Gachoka, mami," na yeye humwitikia. Wiki jana, katika robo ya mwisho, mshambuliaji mmoja alimpita Makandi, na lile gongo likaanza kupanda. Likafika kiunoni, likafika kifuani. Makandi aligeuka, macho yao yakakutana juu ya uzio, na gongo likasimama hewani, likitetemeka, kabla ya kushuka lenyewe.

Makandi hajampiga mtu tangu siku ile ya Nkubu. Msimu bado una mechi nyingi.